Wasia Nilioutoa Korongoni

Mimi si mtu wa kuona haya upesi. Mtu aliyeanza na gari la punda akaishia na lori (lori zima, lenye honi, si lile gunia la misumari la jirani yangu) hizo haya ataziweka wapi? Lakini iko siku moja, nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu gizani nauziba uso kwa mikono, na kwa kuwa najua nyote mmekwisha kuisikia kwa Shebe kinyozi, ambaye huieleza kila anapomnyoa mtu, na akinyoa kichwa kikubwa huirefusha, nimeonelea bora niiandike mwenyewe, kwa mkono wangu huu ambao chuoni haukukaa ila miaka miwili. Maneno ya Shebe yatupeni. Aibu ibakizeni, maana hiyo ni yangu kweli.

Ilikuwa miaka ya vita, wakati jeshi linajenga kambi huku bara kwetu Kisauni kama watu wanaokusudia kukaa mpaka kiama, na mawe ya kujengea yakitoka machimboni Mwakirunge, na mawe ya Mwakirunge nani aliyekuwa akiyachukua? Mimi, Athumani. Mchana kutwa magari yangu ya punda yako njiani, na lori langu mbele, na kila mtu aliyekaa nami barazani jioni alijua nilivyofika hapo, kwa sababu nilimwambia. Nilimwambia nilitoka kwetu nikiwa kijana wa ndevu za kwanza, peke yangu, nikapita lile korongo kavu lililo nyuma ya Mwakirunge siku tatu bila chakula wala maji, nikila madungusi tu, nikatokea huku sina hata kiatu, nikajijenga kwa mikono hii miwili. Hapo ndipo nilipokuwa nikiinyanyua mikono yenyewe, waione.

Basi ukweli ni kwamba huku nilikuja kwa gari la moshi, nimekaa baina ya mama yangu na kikapu cha kuku. Lakini hilo ni dogo.

Kubwa ni hili, na nalisema mapema ili msije mkadhani nawaficha kama nilivyowaficha watu wa nyumbani kwangu. Nilipokuwa sijapata kitu, nasukuma mikokoteni ya watu, lilitokea gari la punda wawili linauzwa. Mke wangu Mwanasiti alikuwa na vipuli vya dhahabu, alivipewa na mama yake, na mama yake alivipewa na wake. Aliviweka ndani ya kikasha chini ya kitanda. Siku hiyo ndugu yake mdogo, Kombo, alikuwa amelala kwetu, akaondoka alfajiri kwenda kazini. Mwanasiti akaenda kisimani. Nami nikainama chini ya kitanda. Kabla ya adhuhuri vipuli vilikuwa kwa sonara mjini na mimi nilikuwa mtu mwenye punda. Mwanasiti alipokifungua kikasha siku ya pili akakikuta kitupu, nani alikuwa amelala hapa? Kombo. Mimi sikumtaja Kombo, wallahi sikumtaja. Mimi nilinyamaza tu. Niliona nikinyamaza mambo yanajipanga yenyewe. Kombo aliapa, watu wakasema mwizi haoni taabu kuapa, akahama zake akaenda kulima ng'ambo ya lile korongo, na tangu siku hiyo hakuikanyaga nyumba yangu, na masikio ya mke wangu hayakuingia kitu tena.

Nilikusudia kusema. Nilisema nikipata gari la pili nitasema. Likaja la pili. Nikasema nikipata lori.

Ikawa mwaka huo Kombo anamwoza binti yake, akaleta habari kwa mama yake, Bibi Mejumaa, ambaye alikuwa akikaa kwetu. Habari ilikuwa fupi: mama aje, na atakayetaka kumfuata mama amfuate. Bibi Mejumaa akatukusanya uani akasema, "Twende sote. Sitaki kufa wanangu hawasemezani."

Mwanasiti akainamisha kichwa. "Nitakwenda kwa ajili yako, mama. Si kwa ajili yake."

Mimi nikasema tutakwenda, na mchele natoa mimi, gunia zima, wakati ambao mchele watu walikuwa wanauona ndotoni. Nilisema kwa sauti ili majirani wasikie. Moyoni nilikuwa na hesabu yangu: nikifika pale na gunia, nikamwita Kombo shemeji mbele ya watu, nikasema yaliyopita yamepita, basi nitakuwa mimi ndiye niliyemsamehe. (Ndiyo. Mimi nimsamehe yeye. Someni tu.)

Sasa safari. Lori lilikuwa uani limesimama, petroli ni ya kibali na kibali ni cha kazi ya jeshi, si cha harusi. Gari la punda lilikuwa tayari, na barabara ya kuzunguka ni nzuri, mtu anapanda asubuhi, anafika mchana, hana hata vumbi. Uamuzi mdogo kabisa: pandeni, twende. Lakini nilipojitazama nimevaa kanzu mpya, koti la Kizungu, tarbushi nyekundu na viatu vinavyolia, nikaona haiwezekani. Mtu mwenye lori lake ashuke harusini kutoka juu ya gunia la mchele, kama gunia la pili? Nikasema, "Mchele uende na gari. Sisi tutapita korongoni kwa miguu. Ni karibu zaidi, na watoto wapate kuona alikopita baba yao."

Bibi Mejumaa aliinua kichwa. "Korongoni, mkwe wangu?"

"Naam, mama. Nalijua kama kiganja changu."

"Haya," akasema, akajifunga kanga yake vizuri.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, nikamwalika Shebe. Shebe si jamaa yetu, lakini kinyozi wa Kisauni akiona jambo asubuhi, magharibi limevuka daraja la Nyali. Nilitaka jambo langu livuke. Kwa hiyo tukawa sita: mimi mbele na bakora, Shebe, Mwanasiti, binti yangu mkubwa Rehema na kikapu cha maandazi na buyu la maji, mdogo wake Zena wa miaka saba, na Bibi Mejumaa nyuma, miguu mitupu.

Korongo lenyewe, kwa asiyelijua, linaanza kama mfereji tu nyuma ya machimbo, mtu anaweza kuliruka. Ukitembea kidogo kuta zinapanda, ukitembea tena zimepita urefu wa mnazi, mawe meupe na kijivu, chini ni mchanga mkavu unaoungua, upepo hakuna, na kila mahali ambapo udongo umeshika, chini, ubavuni, juu kwenye kingo, pana dungusi. Madungusi yamepandana viganja juu ya viganja, kama mikono ya watu wanaoomba kitu, na kwenye vidole vya mikono hiyo matunda mekundu, na kwenye matunda vimiba vyembamba ambavyo huvioni ila baada ya kukuingia. Dungusi la kwanza lilinishika koti. Nikavuta, likabaki na kipande cha mkono wa koti. Shebe akasema, "Bwana Athumani, limekukumbuka."

Nikacheka, nikaanza kueleza. Hapa ndipo nilipolala usiku wa kwanza. Pale ndipo nilipomwona chui, nikamtazama, akanitazama, akaondoka yeye. Zena akauliza, "Baba, chui alikuwa na rangi gani?" Nikamwambia rangi ya chui. Tukafika mahali korongo linagawanyika mikono miwili, nami bila kusita (mtu kama mimi akisita watu wanamwona) nikaushika wa kushoto. Nyuma nilimsikia Bibi Mejumaa akiguna. Mguno mmoja tu, wa heshima.

Tukaenda. Jua likapanda likatukalia vichwani. Viatu vyangu vililia mpaka vikanyamaza vyenyewe kwa mchanga. Buyu la maji likawa jepesi, na mimi nikakataa kunywa, niliyevuka siku tatu bila maji nitakunywaje mbele ya Shebe? Kuta zikapinda, zikapinda tena, tukatokea mahali wazi, na mbele yetu dungusi limevaa kipande cha koti.

Shebe akakisogelea, akakitazama, akatazama mkono wangu. "Loo! Kumbe alipita hapa mtu mwingine mwenye koti kama lako."

"Nilitaka muone pande zote," nikasema.

Sasa ili kuwasahaulisha koti nikataka kuwaonyesha jambo. Nikasema, "Mnajua mimi niliishi kwa nini humu siku tatu? Kwa haya!" Nikanyoosha mkono nikachuma dungusi. Bibi Mejumaa akasema kwa upole, "Ngoja, mkwe wangu, yafagiliwe kwanza." Akakata tawi la majani, akayaangusha matunda mchangani kwa fimbo, akayafagia huku na huku mpaka vimiba vikatoka, akapasua la kwanza kwa kisu, ndani jekundu kama jicho la mgomvi, akawapa wajukuu nusu nusu, kisha akapasua mengine kwao na kwa Shebe. Kazi ya mtu aliyeifanya utotoni akichunga mbuzi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha siku ile. Nikasema, "Kwetu wanaume hatufagii," nikalifuta langu kwa leso, nikala. Kisha nikajifuta mdomo kwa leso ile ile.

Nafikiri mmeelewa. Midomo ilisimama kama ya samaki, vimiba juu, vimiba chini, na kimoja ulimini ambacho kila nikitaka kusema neno chenyewe ndicho kinachosema. Lakini nikacheka! Nikala la pili. Kiu ilikuwa imenishika, na lile dungusi, niseme haki, ni tamu, baridi, lina maji, nikala tena na tena, na kila nikila namwambia Shebe, "Hivi ndivyo! Hivi ndivyo nilivyokuwa nikila!" Shebe husema nilikula ndoo. Si kweli, ndoo haikuwapo.

Bibi Mejumaa akasema, "Yatosha, mkwe wangu."

"Mama, mimi na haya tunajuana."

Tukapumzika chini ya mwamba, tukala maandazi, wengine wakasinzia. Nami nikahisi haja ndogo.

Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani kwangu. Mimi namstahi mama mkwe wangu kama inavyopasa. Katika miaka yote tuliyokaa nyumba moja hajapata kuniona nimebeba kopo la kwenda chooni. Akiwa uani nalipitisha nyuma ya nyumba, kwa jirani, chini ya kanzu. Tumbo likiniuma nasema kichwa. Mambo ya mwili wa mkwe mwanamume si mambo ya kumfikia mama mkwe, hata kwa harufu. Basi nikainuka kama mtu anayekwenda kutazama njia, nikazunguka jiwe kubwa, nikachutama, mbele yangu pana jiwe jingine jeupe kama karatasi.

Na nililoliona juu ya jiwe lile Mungu asiwaonyeshe. Nyekundu. Si rangi ya wasiwasi, ya kusema labda ni jua. Nyekundu, inatiririka, imeandika jiwe zima.

Ami yangu alikufa hivyo. Alianza kukojoa damu Ijumaa, Ijumaa ya pili tukamzika, na mimi nilimshika miguu. Nilikaa pale nimechutama, jasho limekuwa baridi, nikasikia mambo yote ya ami yangu yananipanda: mgongo unauma, figo inauma, sijui iko wapi lakini inauma. Nikarudi nimeshika ukuta, nikajilaza chini, nikasema, "Nakufa."

Mwanasiti akaruka. "Nyoka?"

"Si nyoka."

"Wapi panapokuuma, Baba Rehema?"

"Usiniulize."

Bibi Mejumaa akapiga magoti kwa mbali kidogo, akanipepea kwa upindo wa kanga. "Sema, mkwe wangu. Huenda naijua dawa yake."

"Mama," nikasema, na ule mwiba wa ulimini ukinichoma, "ni maradhi yasiyosemeka mbele yako."

Mwangalieni mtu huyu! Pale mbele yangu amepiga magoti mtu mmoja tu katika korongo zima ambaye angeniponya kwa maneno matatu, na ndiye mmoja tu ambaye sikuweza kumwambia. Mtasema, basi si ungemwambia Shebe sikioni? Kumwambia Shebe sikioni ni kuwaambia wavushi wote wa Likoni. Maiti naye ana heshima yake.

Nikasema nielekezwe kibla. Rehema alikwisha kuanza kulia. Shebe akanishika mabega, Mwanasiti miguu, wakanigeuza, kisha wakasimama. Shebe akauliza, "Kibla ni kaskazini. Kaskazini ni wapi?"

Nikanyoosha kidole. Bibi Mejumaa akasema polepole, "Huko ni tulikotoka machimboni, baba." Wakanigeuza tena, kichwa changu kikapita juu ya mizizi ya dungusi, tarbushi ikabaki huko. Nikapiga shahada. Sikufa. Nikapiga tena. Nikaona kwa kuwa Mungu amenipa nafasi, basi nitoe wasia.

"Shebe, shuhudia. Lori ni la Rehema na Zena. Magari ya punda yasiuzwe. Yule punda mweusi asipewe mtu anayepiga." Nilikuwa nalia, si uongo, nalia kwa ajili ya punda. "Mama, niwie radhi kwa kila nililokukosea."

"Nimekuwia radhi, mwanangu," akasema, na machozi yanamtoka.

Lile "mwanangu" na machozi yale ndiyo yaliyonimaliza. Nilimwona ami yangu, alivyokufa akitaka kusema kitu na asikiseme. Nikamshika Mwanasiti mkono. "Mwanasiti, na wewe niwie radhi. Vile vipuli havikuibwa. Nilivitoa mimi. Niliviuza nikanunua punda."

Mnajua jinsi mahali penye joto panavyokuwa na sauti ya wadudu, chii, chii, huisikii mpaka inyamaze? Ilinyamaza. Upindo wa kanga uliokuwa ukinipepea ukasimama hewani.

Mwanasiti akasema, "Rudia."

"Mwanasiti, nakufa."

"Rudia kwanza. Ufe baadaye."

Nikarudia. Nikasema la kikasha, la kisima, la sonara. Bibi Mejumaa akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Na Kombo?"

"Kombo hajui lolote, mama. Kombo aliapa kweli."

Nilifumba macho nikangoja roho itoke. Nilitamani itoke, niseme haki. Huo ndio ulikuwa wakati wake. Na badala ya Malaika wa mauti nikasikia sauti ya Zena kutoka nyuma ya lile jiwe, sauti ya furaha, anaita kwa nguvu mpaka kuta zinamjibu:

"Mama! Bibi! Njooni muone! Nimekojoa sharubati!"

Bibi Mejumaa akainuka, akaenda nyuma ya jiwe. Akakaa kidogo huko. Nadhani aliliona na jiwe langu. Akarudi, akasimama juu ya kichwa changu, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akanitazama moja kwa moja usoni.

"Mkwe wangu, ndiyo hiyo iliyokulaza chini?"

Nikauziba uso kwa tarbushi. Haikuwapo. Nikauziba kwa mikono hii miwili.

"Ni madungusi hayo," akasema. "Kila mtoto wa huku anajua. Ukila mengi unakojoa mekundu, kesho yake umeshapona na hukuumwa." Nikamwona anafikiri, nikajua linakuja na sikuwa na pa kwenda. "Lakini wewe uliishi humu siku tatu, ukila haya tu. Siku zote tatu ulikuwa hukojoi?"

Shebe alitoka mbio. Alikwenda nyuma ya jiwe, akakaa, akarudi amejishika tumbo, akajitupa mchangani karibu yangu, akasema, "Bwana Athumani, sogea, hata mimi nakufa, nina wasia wangu! Ule wembe mzuri nilisema umepotea..." Hakuumaliza, kicheko kilimkaba. Rehema alikuwa analia na kucheka pamoja, kikohozi kikamshika. Hata Bibi Mejumaa aligeuka upande, mabega yanatetemeka.

Mwanasiti hakucheka. Alikuwa amesimama, anajifunga kanga, anaifunga na kuifungua. Kisha akasema, "Simama. Kombo anatungoja."

Nikasimama. Mtu aliyekwisha kutoa wasia akisimama miguu haijui ni ya nani. Sasa Bibi Mejumaa ndiye aliyetangulia, na akashika mkono wa kulia, ule niliouacha, na hatukutembea kitu tukaona kuta zinashuka. Nikamfikia nikamwambia, "Mama, kumbe njia unaijua."

"Nilizaliwa ng'ambo ile, baba. Nilikuwa nikipita humu na mbuzi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikustahi," akasema. "Niliona haya kukuaibisha mbele ya wanao."

Tulifika alasiri. Harusi imechangamka, ngoma inalia, gunia langu la mchele limekwisha kufika na limekwisha kuwa kwenye sufuria, na mimi naingia kwenye vigelegele hivyo na koti la mkono mmoja, bila tarbushi, midomo imevimba, meno mekundu kama mla tambuu. Mwanasiti alipita watu wote akaenda moja kwa moja alikokuwa Kombo, akamwangukia miguuni, ngoma ikapungua sauti. Sikusikia alichomwambia. Niliona Kombo ameshika kichwa cha dada yake kwa mikono miwili, amekaza taya, anatazama juu kwenye makuti ya paa, kama mtu anayeangalia mahali panapovuja.

Kisha akanijia. Shebe, najua, alikwisha kuwasimulia wa mlangoni, maana walianza kufunika midomo. Nikamshika Kombo mkono, nikamvuta nyuma ya jiko, nikamwambia, "Shemeji, niwie radhi. Nimekukosea."

Akauondoa mkono wangu taratibu. "Shemeji Athumani, mimi niliitwa mwizi nyuma ya jiko?"

Nikayatazama majivu ya jiko.

"Niliitwa kisimani. Niliitwa msikitini, watu wakajitenga nami safuni. Mke wangu aliambiwa siku ya harusi yake. Korongoni uliyasema kwa sababu ulikuwa unakufa. Sasa u mzima. Yaseme sasa."

Nawaambieni, nimebeba mawe, nimegombana na makarani wa jeshi, nimezamisha gari la punda nikalitoa kwa bega langu. Kazi ngumu kama kutoka nyuma ya jiko lile sijaifanya. Nikasimama katikati ya uwanja. Mpiga ngoma aliniona akaacha. Wanawake wakachungulia. Nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya watu nikaeleza nilivyoanza, maneno yenyewe nayajua kwa moyo, na niliyaanza yale yale: "Nilianza sina kitu." Kisha nikasema yaliyobaki. Nikasema kikasha. Nikasema nilinyamaza mwaka baada ya mwaka, mtu analaaniwa na mimi nakula. Sauti yangu ilitoka na kitembe kwa ule mwiba, na mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi na mama yake, na mimi nilimhurumia, kwa kuwa ilichekesha.

Nilipomaliza Kombo akasema, "Mpeni wali." Ni hilo tu. Nikapewa wali. Wali wa mchele wangu.

Ilipokuja Idi, Kombo alikuja Kisauni. Aliingia nyumbani kwangu, akaketi, akatoa kikapu cha madungusi yaliyofagiliwa vizuri, akayaweka mbele yangu na baraza nzima imekaa. "Kula, shemeji," akasema, "lakini ukiona mekundu usitugawie lori." Nikala. Walicheka mpaka paka wakakimbia. Kombo naye akacheka, na akanywa kahawa yangu, na hilo ndilo nililolitaka.

Mwanasiti nilimnunulia vipuli vipya, vikubwa kuliko vya kwanza. Alivitazama, akasema vizuri, akamvisha Rehema.

Nimeapa, na Shebe ni shahidi: kila jambo ambalo ningelisema nikielekezwa kibla, nitalisema nimesimama, na kibla nitauliza mwanamke. Kujisifu sijaacha kabisa, ndugu zangu, sitawadanganya, lori bado ninalo na honi bado inalia. Lakini jioni barazani, nikijisahau nikaanza, "Mimi nilijijenga kwa mikono hii...," Mama Rehema, popote alipo katika nyumba ile, huja mpaka mlangoni. Huzishika ndewe zake mbili tupu, huku na huku, ananitazama. Nami naishusha mikono, nawaambia wageni nilianza na punda wawili, na punda hao walitoka masikioni mwa yule pale.